FEDHA TUNAZOPELEKA NYUMBANI NA KAZI ZA WATOTO



Kila siku ya mshahara twaonana kando ya lango la stesheni, kila mtu na simu yake mkononi, tukipeleka fedha nyumbani. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007 wazee wetu walizitia katika bahasha wakampa dereva wa basi au jirani anayekwenda likizo, ama walipanga mstari posta. Leo fedha hufika kabla mtu hajarudisha simu mfukoni. Hilo ni jema. Lakini twauliza: fedha hiyo ikisha kufika, mtoto yuko darasani au yuko malishoni?

Mwenzetu mmoja wa gangi ya njia ana mtoto wa kiume wa miaka 11. Mwenzetu huyu aliandikwa na kontrakta, na mwaka jana mishahara ilikawia miezi miwili. Nyumbani mama alikuwa akimlipa kijana mmoja awachunge ng'ombe wao wawili. Mwezi wa kwanza ulipopita bila fedha, kijana akaenda zake, na ng'ombe wakapewa mtoto. Mwezi wa pili unga ulikopwa dukani, na mtoto akaenda pamoja na wenzake kupasua mawe ya kokoto, akilipwa kwa debe. Mwishowe mishahara ilitoka yote pamoja, na baba akapeleka karibu yote. Je, mtoto alirudi shule? Hakurudi. Fedha ile ililipa deni la duka na deni la jirani, ikaisha. Tena mtoto alikwisha kuonja shilingi zake mwenyewe, na mwenye kununua kokoto hakuuliza umri wa mtu. Alirudi muhula uliofuata, akaketi pamoja na watoto wa darasa la nyuma yake.

Basi tusidanganyike na hesabu ya jumla. Mwenzetu yule alipeleka fedha ile ile ambayo angeipeleka kila mwezi, wala hapakupungua kitu ila tarehe.

Tena jambo hili lina mizizi. Zamani za ukoloni mshahara wa Mwafrika mjini ulihesabiwa kuwa ni wa mtu mmoja peke yake, asiye na mke wala watoto. Waajiri walisema jamaa zake wanakula shambani. Lakini shamba halijilimi, na mbuzi hawajichungi. Waliolima na kuchunga ni mama na watoto, na kazi yao ilikuwa sehemu ya mshahara ambayo mwajiri hakuilipa. Mwaka 1954 kamati ya serikali juu ya mishahara ya Waafrika, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Bwana Carpenter, ilipendekeza mshahara wa chini uhesabiwe kwa mtu mwenye jamaa ya kulisha. Imepita miaka mingi tangu hapo, na bado wako miongoni mwetu ambao wakitoa kodi ya chumba na nauli hawabaki na fedha ya kumlipa mchungaji.

Kwamba fedha zenye kutosha huwaondoa watoto kazini si maneno yetu tu. Mwaka 1997 thamani ya fedha za nchi nyingi za Asia ilianguka. Watu wa Ufilipino waliokuwa wakifanya kazi nchi za nje waliona fedha ile ile waliyozoea kupeleka ikibadilishwa kwa peso nyingi zaidi. Wataalamu walipochungua nyumba hizo waliona watoto wao walizidi kukaa shuleni, na saa za kazi zao zilipungua. Mama na baba hawakuhitaji kuhubiriwa.

Lakini fedha haina mikono. Mtu akiondoka nyumbani, iwe ni kwenda Nairobi au Ghuba, jembe lake hubaki limeegemezwa ukutani, na atakayelichukua ni yule aliye karibu. Kwa hiyo mwenye kupeleka fedha apeleke pamoja na neno: hizi ni za kibarua wa kupalilia, hizi ni za sare na chakula cha mchana shuleni. Karo ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2003, lakini sare na chakula havikuondolewa. Hatusemi mtoto asishike jembe kabisa. Sisi wenyewe tulichunga mbuzi jioni na hatukudhurika. Ubaya ni kuchunga saa ya hesabu.

Sasa tuseme lisilopendeza. Katika vyumba vyetu wenyewe wamo wasichana wadogo wanaolea watoto wachanga mchana kutwa. Mtu huona ni rahisi kumchukua binti wa dada yake kuliko kumpelekea dada fedha, na husema, "Namsaidia." Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na wa miaka 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomzuia kusoma. Kumwita mpwa hakubadili kazi anayoifanya. Hatuwezi kumshitaki kontrakta kwa watoto wa kokoto huku chai yetu imepikwa na mtoto wa miaka 12.

Katika mazungumzo yajayo na waajiri Halmashauri itadai tarehe ya mshahara iandikwe katika mapatano, pamoja na fidia kwa kila siku inayozidi, na makontrakta wafungwe na tarehe hiyo hiyo. Kwa ajili hiyo twahitaji ushahidi. Kila mwanachama aliyecheleweshewa mshahara tangu Januari alete karatasi zake za mshahara, au ujumbe wa benki unaoonyesha tarehe, kwa katibu wa tawi lake kabla ya Ijumaa. Walio katika gangi za mbali wampe mnyapara aje nazo. Majina hayatasomwa mkutanoni.