Tujifunze Blokicheni Bila Kuchoma Bumu

Wanachuo wenzangu, bumu likiingia hapa chuoni huhitaji kuambiwa. Foleni ya chipsi inarefuka, wenye madeni wanakumbukana, na kwenye makundi ya WhatsApp yanaanza matangazo: "Njoo ujifunze blokicheni, nafasi ni chache." Muhula uliopita mwenzangu wa chumbani aliitikia tangazo moja la namna hiyo. Alikaa ukumbini saa mbili nzima. Akaambiwa blokicheni ndiyo kesho yetu, ila haieleweki kwa maneno matupu. Sharti uingize pesa yako uone inavyotembea. Akaingiza laki mbili. Wiki tatu baadaye kundi limefungwa na aliyemwingiza hapatikani kwenye simu. Mwezi ule tulikula maharage yangu, mimi na yeye, mpaka tukayachoka.

Simcheki. Mimi pia nilikaribia kwenda, kilichoniokoa ni jaribio la takwimu asubuhi yake. Lakini kama mtu anayesomea ualimu, kilichoniuma zaidi ya ile laki mbili ni lile somo alilofundishwa: kwamba huwezi kujifunza mpaka utoe pesa. Huo ni uongo. Nasema hivyo kwa sababu nimejifunza kuandika programu za blokicheni kwenye laptopu ya mtumba, iliyopasuka kioo pembeni, na ukiacha bando la kushushia vifaa sijatoa hata shilingi mia.

Tuanze na maana, tusije tukapotezana. Blokicheni ni daftari la miamala ambalo nakala zake zinatunzwa na kompyuta nyingi kwa wakati mmoja. Kila ukurasa, yaani bloku, unabeba alama ya ukurasa uliotangulia, kwa hiyo ukichezea wa zamani, yote inayofuata inakusuta. Kwenye blokicheni kama Ethereum, iliyoanza kazi Julai 2015, watu wanaweka pia programu ndani ya hilo daftari. Programu hizo huitwa mikataba janja. Zinapokea pesa, zinaitunza, zinaitoa kwa masharti uliyoandika. Na ukishaiweka pale, kwa kawaida huwezi kurudi kufuta mstari uliokosea. Kilichoandikwa ndicho kitakachofuatwa, hata kama ulikuwa na usingizi ulipokiandika.

Sasa jiulize: wanaoandika programu hizi kila siku wanajifunzia wapi? Hakuna mwenye akili anayeanzia kwenye daftari la kweli. Wana vifaa vya kujaribia nyumbani, ndani ya kompyuta zao, vinavyoendeshwa kwa kuandika amri kwenye ile skrini nyeusi tunayoiita terminali. Ninavyovitumia mimi vinaitwa Foundry. Ni vya bure, na yeyote anaweza kusoma msimbo wake. Majina yake yametoka kwa wahunzi: Foundry ni kiwanda cha kusubu chuma, forge ni kiwanda cha mhunzi, na anvil ni fuawe, lile pande la chuma ambalo mhunzi huwekea jembe analolifua.

Ukishaviweka kwenye kompyuta, unaandika neno moja tu, anvil, kisha unabonyeza Enta. Papo hapo kompyuta yako inakuwa blokicheni nzima, ya kwako peke yako. Inakuorodheshea akaunti 10, kila moja ina etha 10,000 za kuchezea, pamoja na funguo zake za siri. Hakuna anayekuuliza namba ya simu wala kitambulisho. Ukituma muamala, unaingia kwenye bloku palepale. Ukichoka, unabonyeza Ctrl na C na ulimwengu wote ule unafutika. Ukiiwasha tena, unaanza upya kana kwamba hukuwahi kukosea.

Ngoja nitoe mfano wangu mwenyewe. Hosteli tuna mchezo wa kila wiki: watu 10, kila mmoja elfu tano, zamu kwa zamu. Nikasema niuandike mchezo wetu kama mkataba janja, kwa lugha ya Solidity. Haukufika mistari 60. Sharti lake kuu lilikuwa rahisi: programu inahesabu wiki tangu mchezo uanze, na mwenye zamu ya wiki hiyo ndiye pekee anayeweza kuchukua. Nikaandika majaribio, nikaendesha amri ya forge test, yote yakarudi na rangi ya kijani. Kusema ukweli nilijisifu kidogo.

Kisha nikakumbuka kwamba kwenye blokicheni ya mezani unaweza kusogeza saa. Kuna amri inayosukuma muda mbele: unaitajia sekunde 604,800, ambazo ni siku saba, nayo inaamini wiki imepita. Nikapitisha wiki ya kwanza, ya pili, mpaka ya tisa. Mambo shwari. Wiki ya kumi nikaamua mwanachama wa mwisho achelewe, kama tunavyochelewa sisi binadamu. Akaja kuchukua pesa yake siku ya 71. Programu ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Kumbe wiki ilipogeuka, programu ilianza kumtafuta mwanachama wa 11 kwenye orodha ya watu 10, ikamkosa, ikagoma. Elfu hamsini zimekaa ndani, na hakuna amri yoyote niliyoandika ya kuzitoa.

Fikiria ningekuwa nimeuweka mchezo huo kwenye daftari la kweli. Kosa lile lingejificha wiki kumi, lingemvizia mtu wa mwisho, na mimi ningekuwa namweleza mwenzangu wa hosteli kwamba pesa yake ipo, tunaiona wote, ila haitoki. Badala yake nililiona jioni moja, nikasonya, nikarekebisha, kisha nikaandika jaribio la mchelewaji ili kosa lisirudi kimyakimya. Wazee walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Kwa mwandishi wa programu, jaribio ndilo linalokushikia hiyo ahadi.

Msidhani haya ni ya wanafunzi tu. Juni 2016, mfuko mmoja uliojengwa kwa mkataba janja, The DAO, ulichotwa takriban etha milioni 3.6. Programu yake ilikuwa inatoa pesa kwanza, ndipo inapunguza salio. Mchotaji akaiomba tena kabla haijapunguza, na tena, na tena. Jamii ya Ethereum iligawanyika kuhusu namna ya kulitibu jambo hilo, na Julai mwaka huohuo daftari lenyewe likawa mawili. Lile la upande uliokataa kubadilisha kilichokwisha kutokea linaitwa Ethereum Classic hadi leo. Novemba 2017 ikaja zamu ya pochi za Parity. Nyingi zilitegemea programu moja ya pamoja ambayo haikuwa imeandikishiwa mwenyewe. Mtumiaji mmoja akajifanya mwenyewe, kisha akaiua programu hiyo. Zaidi ya etha 500,000 zikafungiwa ndani kama ile elfu hamsini yangu, tofauti ni kwamba zile zilikuwa pesa za watu.

Hapa ndipo naona sisi wa elimu tuna la kusema. Kabla hatujapelekwa shuleni kwenye mafunzo kwa vitendo, tunapitishwa kwenye maikrotichingi. Unasimama mbele ya wenzako kumi, wanajifanya kidato cha pili, unafundisha kipande kidogo cha somo. Mara yangu ya kwanza niliandika mlinganyo ubaoni nikiwa nimekosea alama ya kutoa, na nikautetea kwa dakika tatu. Walinicheka, mkufunzi akaandika maoni, nikarudia wiki iliyofuata. Hakuna mtoto wa mtu aliyeharibikiwa. Ndiyo maana chumba kile kipo: pa kukosea kabla makosa hayajapata mwenyewe wa kuyalipia. Anvil ni maikrotichingi ya blokicheni. Anayekwambia uanze na pesa yako ya kweli anakupeleka darasani lenye watoto 80 bila andalio la somo, tena anakutoza kiingilio.

Kuna watakaosema mitandao ya majaribio ya hadharani ipo, kama Sepolia, na yenyewe haitaki pesa. Ni kweli, na ina kazi yake baadaye. Lakini inataka intaneti muda wote, na etha zake za majaribio unaziomba kwenye tovuti zinazozigawa, ambazo baadhi yake zinataka kwanza uonyeshe kwamba una etha za kweli. Tumerudi kulekule. Isitoshe, mitandao hiyo huzeeka na kufungwa: Ropsten, Rinkeby na Goerli zote zimestaafishwa. Blokicheni ya mezani inataka intaneti siku ya kushusha vifaa na kompaila yake. Baada ya hapo bando likiisha saa nne usiku, wewe unaendelea.

Wengine wanasema blokicheni yenyewe ni utapeli, kwa nini tuisome kabisa? Nawaelewa. Benki Kuu ya Tanzania ilishatoa tangazo Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa nchini, na sijaandika makala haya kumshawishi mtu anunue chochote. Lakini angalieni kilichompata mwenzangu. Nilipokaa naye tukafuatilia, tuligundua laki mbili yake haikuwahi kugusa blokicheni yoyote. Ilitumwa kwenye namba ya simu, basi. Mtu aliyekwisha kuandika hata programu moja mbovu kwenye fuawe angeuliza maswali matatu pale ukumbini: programu yenyewe iko wapi tuisome? Imejaribiwaje? Nani ana ufunguo wa kutoa pesa? Yule bwana asingekuwa na jibu hata moja. Kujifunza kitu kunakulinda dhidi ya anayekiuza, hata kama hutakinunua maisha yako yote.

Nisiwadanganye pia kwa upande mwingine. Fuawe si soko. Kwenye kompyuta yako hakuna mwizi anayekuvizia wala umati unaogombea nafasi kwenye bloku. Zile akaunti 10, usipozibadilisha, ni zilezile kwenye kila kompyuta duniani, na funguo zake zinajulikana na kila mtu. Ukituma huko pesa ya kweli, hesabu kwamba umeitupa. Na rangi ya kijani ya majaribio inajibu ulichouliza tu. Forge inaweza kukusaidia kuuliza zaidi: ukiandika jaribio linalopokea namba, yenyewe inabuni namba na kulirudia mara 256 isipoelekezwa vingine, ikitafuta ile itakayokuangusha. Lakini swali la mchelewaji wa wiki ya kumi lilitoka kwangu, kwa sababu nawajua watu wa mchezo wetu. Kama mtihani wa mwisho wa muhula tu: ukipata A haina maana unajua yasiyoulizwa.

Kwa hiyo, waheshimiwa viongozi wa serikali ya wanafunzi, nina maombi matatu. La kwanza, ukumbi wetu usitolewe kwa semina yoyote ya teknolojia inayomtaka mwanafunzi aweke pesa ndiyo ajifunze. Anayetaka kufundisha afundishe. Anayetaka kuuza akauzie sokoni. La pili, klabu zetu ziombewe maabara ya kompyuta Jumamosi asubuhi. Kompyuta ni chache, najua, lakini watu watatu kwa mashine moja wanatosha: mmoja anaandika, mmoja anasoma, mmoja anauliza "na mtu akichelewa je?" Vifaa tunaweza kuvishusha mara moja tukavigawa kwa flashi. La tatu, maelezo yaandikwe kwa Kiswahili. Amri zenyewe ni maneno machache, mtu anayakariri kama fomula. Kinachowashinda wengi ni maelezo marefu yanayozizunguka, na hayo sisi tunaosomea kufundisha tunaweza kuyaandika. Mimi nimeshaanza, nina kurasa sita.

Mwenzangu wa chumbani ameshazisoma. Juzi alikaa kwenye laptopu yangu, akawasha anvil, akahamisha etha 500 za kuchezea kutoka akaunti moja kwenda nyingine, akaangalia salio, akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Yaani ningeanzia hapa." Bumu linalofuata liko njiani, na matangazo yanakuja nalo. Naomba safari hii wenzetu wakute maabara iko wazi kabla hawajaukuta ukumbi.