Tiketi ya mgonjwa huhesabiwa kuanzia siku ya kliniki

Barua ya rufaa ikishatoka hospitali, familia nyingi za Tunduma, Vwawa na Mlowo huanza na swali moja: nauli itatoka wapi? Swali la pili huja likiwa limechelewa: mgonjwa aondoke lini ili afike kabla ya siku aliyopangiwa? Hapo simu ya kijana wa nyumbani huanza kuzunguka mikononi mwa watu, kila mmoja akitafuta ratiba ya basi au treni, na mwisho wake tiketi hukatwa kwa kubahatisha.

Kubahatisha huko kuna gharama. Mgonjwa wa moyo akikosa siku yake katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, anaweza kupangiwa siku ya mbali huku dawa alizobeba zikizidi kupungua na ndugu aliyempokea akianza kuishiwa. Kwa anayepata tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jambo ni zito zaidi, kwa sababu mionzi hutolewa kwa mfululizo, na kuruka siku hupunguza nguvu ya tiba yenyewe.

Njia ya kuepuka hayo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Familia isianze na siku ya kuondoka. Ianze na siku ya kliniki, kisha ihesabu kurudi nyuma.

Chukua mfano wa bibi wa Mbozi mwenye miadi Muhimbili siku ya Alhamisi saa 2 asubuhi. Jumatano ni siku ya kupumzika na ya kijana kwenda kuangalia jengo la kliniki liko wapi. Kwa hiyo Jumanne usiku bibi awe ameshalala Dar es Salaam. Reli ya TAZARA kutoka mpakani hadi Dar es Salaam ina takriban kilomita 975. Ni safari ya kulala njiani, na treni kuchelewa kwa saa kadhaa si jambo la ajabu. Ikiwekwa siku moja ya akiba, treni inayomfaa bibi ni ile iliyopangwa kufika Jumatatu. Kama hakuna treni ya kufika siku hiyo, achukue ya kabla yake au apande basi.

Hesabu hii ina uzito kwa sababu treni za abiria za TAZARA si za kila siku. Kwa miaka mingi zimekuwa mbili kwa wiki kila upande, na huduma hiyo imewahi kusimama mara zaidi ya moja. Anayekosa basi leo atapanda la kesho. Anayekosa treni anaweza kungoja siku tatu au nne.

Saa inayodanganya mpakani

Wakazi wa Tunduma wanaishi na jambo ambalo msafiri wa Morogoro halijui. Hatua chache kutoka kwao, Nakonde upande wa Zambia, saa iko nyuma kwa saa moja. Tunduma ikiwa saa 8 mchana, Nakonde ni saa 7. Reli ya TAZARA ni ya nchi mbili, hivyo ratiba yake ina vituo vinavyofuata saa ya Tanzania na vingine vinavyofuata saa ya Zambia.

Simu nayo inaweza kuchangia. Simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe ikinasa mnara wa Zambia inaweza kurudi nyuma saa moja bila mwenyewe kujua. Mtu anaamka akiamini ana saa nzima mkononi, kumbe treni imeshaingia. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya simu usiku wa kuamkia safari, kuzima saa ya kujipanga na kuweka saa ya Tanzania kwa mkono.

Mtego wa pili uko kwenye tarakimu. Ratiba za mtandaoni huandikwa kwa mtindo wa saa 24 zinazohesabiwa kuanzia usiku wa manane. Kwa hiyo 06:00 ni saa 12 asubuhi, si saa 6. Saa 09:30 ni saa 3:30 asubuhi, 14:00 ni saa 8 mchana, na 20:00 ni saa 2 usiku. Mama anayekwenda kumtembelea binti yake Ujerumani atakutana na tarakimu hizi hizi kwenye kila kibao cha stesheni.

Mtego wa tatu ni tarehe. Treni iliyoandikwa Jumamosi 00:30 huondoka nusu saa baada ya usiku wa manane wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Familia nyingi zikisikia Jumamosi usiku hujiandaa Jumamosi jioni, wakati treni imeondoka tangu usiku uliopita. Kabla ya kulipa, mtu asome siku na saa kwa sauti mbele ya mwenzake, kwa Kiswahili cha kawaida: "Ijumaa kuamkia Jumamosi, saa 6 na nusu usiku." Wote wawili wakielewana, ndipo alipe.

Tiketi mbili ni safari mbili

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria mwaka 2024, kwanza Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni na kisha hadi Dodoma mwezi Julai, wapo wanaodhani mtu anaweza kupanda Tunduma na kushuka Dodoma kwa reli moja. Haiko hivyo. TAZARA ni mamlaka ya Tanzania na Zambia, na SGR iko chini ya Shirika la Reli Tanzania, TRC. Hata upana wa reli zenyewe haulingani: TAZARA ni milimita 1,067 na SGR ni milimita 1,435. Stesheni zake Dar es Salaam ziko sehemu mbili tofauti, na kutoka moja hadi nyingine kuna foleni ya barabarani.

Maana yake ni kwamba anayeunganisha TAZARA na SGR amebeba tiketi mbili. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haimsubiri.

Ulaya, ambako watu hukata tiketi za treni kwa simu kila siku, jambo hili limeingizwa kwenye sheria. Chini ya kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Juni 2023, abiria ambaye treni yake imechelewa dakika 60 hadi 119 anaweza kudai asilimia 25 ya nauli, na kuanzia dakika 120 anaweza kudai asilimia 50, isipokuwa pale kuchelewa kulipotokana na mambo yaliyo nje ya uwezo wa shirika. Aliyenunua tiketi moja ya safari nzima, akakosa treni ya pili kwa sababu ya kwanza ilichelewa, ana haki ya kufikishwa mwisho wa safari yake. Lakini aliyenunua tiketi mbili mbalimbali ili kuokoa fedha kidogo mara nyingi hasara ni yake.

Kama huko kwenye treni nyingi kwa siku tiketi mbili zinamtia mtu hasara, familia ya Songwe isijaribu kuunganisha TAZARA na SGR siku moja. Iweke usiku mmoja katikati, kwa ndugu au nyumba ya wageni.

Na si kila safari inahitaji treni. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, akitumia reli atakwenda mpaka Dar es Salaam kisha arudi tena bara. Basi linalopita Mbeya na Iringa hadi Dodoma linamfikisha kwa njia fupi zaidi. Anayekwenda Dar es Salaam kwa basi na amechoka kukaa anaweza kushuka Morogoro, akapumzika, kisha akamalizia kwa SGR.

Kukata tiketi bila kuibiwa

Tiketi ya SGR hukatwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa TRC au dirishani. Mtandaoni, abiria huchagua stesheni, tarehe na kiti, hujaza taarifa zake, hupewa namba ya malipo na hulipa kwa simu. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Huduma ilipoanza mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ilipangwa Sh13,000 kati ya Dar es Salaam na Morogoro na Sh31,000 hadi Dodoma. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 alipangiwa nusu nauli, na wa chini ya miaka 4 hakutozwa. Stesheni kuna ukaguzi wa mizigo kwa mashine, kwa hiyo mgonjwa anayetembea polepole afikishwe mapema.

Kwa TAZARA, msafiri wa Tunduma au Vwawa hana sababu ya kuamini picha ya ratiba iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp. Picha hiyo inaweza kuwa ya mwaka juzi. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilikubaliana na kampuni ya Kichina ya CCECC kuifufua reli hiyo kwa uwekezaji wa dola bilioni 1.4, na palipo na ukarabati mkubwa wa reli ratiba hubadilika. Mtu mmoja aende stesheni wiki moja kabla, aulize, kisha aulize tena siku moja kabla ya kuondoka.

Kokote anakokata, fedha isitumwe kwenye namba binafsi ya mtu anayedai ana tiketi za ziada. Malipo yaende kwenye namba ya shirika, na risiti ihifadhiwe.

Nani atalala na mgonjwa?

Hili husahaulika mpaka dakika ya mwisho. Kwenye mabehewa ya kulala ya TAZARA, chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne na cha daraja la pili vitanda sita, na utaratibu wake ni wanaume mbali na wanawake. Familia ikitaka kukaa pamoja hulazimika kulipia chumba kizima. Kijana anayempeleka mama yake aliyepooza upande mmoja atajikuta behewa jingine, na mama hana wa kumpeleka chooni usiku. Familia iamue mapema: aende binti, shangazi au mama mdogo, au ndugu wachangishane chumba kizima. Kitanda cha chini kiombwe dirishani siku ile ile ya kukata tiketi.

Mkoba mmoja usiachwe mbali na mgonjwa. Ndani yake ziwe dawa za siku zote za safari pamoja na za siku tatu za ziada, barua ya rufaa, kadi ya kliniki, kadi ya bima, majibu ya vipimo, maji ya kunywa na chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Anayetumia insulini aiweke mahali pa baridi pasipo jua, lakini isigusane na barafu, kwani ikiganda haifai tena. Anayemeza dawa ya presha asiache dozi kwa hofu ya kwenda chooni mara kwa mara.

Kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu kunaweza kusababisha damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, hasa kwa mjamzito, mzee na aliyefanyiwa upasuaji karibuni. Kwenye treni kuna nafasi ya kutembea. Atembezwe kila baada ya saa moja au mbili. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, msindikizaji atoe taarifa kwa wahudumu wa treni mara moja ili mgonjwa ashushwe penye hospitali. Mjamzito aliyekaribia kujifungua aulize kliniki kabla tiketi haijakatwa.

Yote haya yanaenea kwenye karatasi moja: siku ya kliniki juu kabisa, chini yake siku ya kufika, siku ya akiba, siku ya kuondoka, saa ya Tanzania, na namba ya simu ya ndugu wa kupokea. Nakala moja ibaki nyumbani na nyingine akae nayo msindikizaji. Siku treni ikiahirishwa, aliyebaki Tunduma atajua kutokana na karatasi hiyo kama bado kuna muda wa kungoja, au kama mgonjwa apelekwe stendi ya basi asubuhi ile ile.