Bahari Yasingiziwa: Intaneti ya Kibera na Kawangware Hukatikia Mlangoni

Kila intaneti inapokatika Nairobi, lawama hutumwa Pwani. Ujumbe ni ule ule: mteja wetu mpendwa, kuna hitilafu katika kebo ya chini ya bahari, mafundi wanashughulikia. Sisi tunaoishi na bahari hiyo tumezoea kusingiziwa mengi. Hili la sasa nimeona nilichunguze, kwa sababu mpwa wangu anayeishi Makina, Kibera, alikuwa karibu kupoteza kazi kwa ajili yake.

Kijana huyu hunakili sauti kwa kampuni za ng'ambo. Hutumiwa mahojiano, huyasikiliza, huyaandika, hulipwa. Kila kazi ina saa yake ya mwisho, na anayechelewa mara tatu hufungiwa akaunti. Yeye alikuwa ameshachelewa mara mbili. Karo ya dadake mdogo, huku Kisauni, hutoka kwenye kazi hiyo, kwa hivyo waya uliokatika Makina ulikuwa unatutikisa mpaka sisi wa Mombasa.

Nilipopata safari ya Nairobi nikalala kwake siku tisa. Usiku wa kwanza tu, saa mbili na nusu, mtandao ukaenda. "Mjomba, ni kebo ya bahari," akaniambia, akinionyesha ujumbe kwenye simu. Nikachukua bando la simu yangu, nikampigia mke wangu Mombasa kwa video. Yeye yuko kwenye faiba ya nyumbani. Picha ilikuwa safi kama yuko chumba cha pili.

Tuanze na haki ya bahari, kwani si kwamba haikatiki. Kebo za SEACOM na TEAMS zilitufikia Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na nyingine zimekuja baadaye. Mwezi Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari yetu iliteremsha nanga mahali isipofaa ikaikata TEAMS, wakati ambapo kebo nyingine zilikuwa tayari zimekatika Bahari ya Shamu. Mapema mwaka 2024 kebo kadhaa zilikatika huko huko Bahari ya Shamu, kipindi meli ya Rubymar iliposhambuliwa na kuelea ikiburura nanga. Kisha tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zikakatika pamoja upande wa kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikajua.

Lakini angalia dalili. Kebo ya bahari ikikatika, intaneti huwa nzito kwa watu wengi kwa pamoja, nchi nzima na nchi jirani. Tovuti za nje hukokota, huku zile zilizohifadhiwa humu nchini zikiendelea kufunguka, kwa kuwa Nairobi ina kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, kinachofanya kazi tangu 2002, na data ya ndani haina haja ya kuzuru Ulaya kwanza. Kebo ya bahari haichagui ploti moja ya Makina ikaacha ya jirani. Na zaidi ya yote, haiwashi taa nyekundu.

Taa hiyo ndiyo niliyomwonyesha mpwa wangu. Kwenye kisanduku cha faiba ukutani kuna taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga unaotoka kwa kampuni haufiki kwenye kisanduku kabisa. Hapo hakuna cha Fujaira wala Durban. Uzi umekatika, umepinda au umechomoka baina ya nyumba na kituo cha mtaa. Ikiwa taa hiyo imezimika na ile ya PON imetulia kijani, basi waya uko sawa na tatizo litafutwe kwingine: kwenye akaunti, kwenye wifi, au kweli mbali zaidi.

Tukaanza kuandika kwenye daftari. Kila intaneti ikikatika: saa ngapi, taa gani, stima ipo au haipo, na ukichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, hali inabadilika? Kwa siku tisa mtandao ulikatika mara 14. Mara saba ilikuwa stima, ama imezimika ama imeshuka nguvu kiasi cha ruta kujizima na kujiwasha. Mara nne ilikuwa taa nyekundu. Mara tatu waya ulikuwa mzima na wifi ndiyo iliyoshindwa, kwani nyumba ya mabati huyazuia mawimbi, na ruta ilikuwa imewekwa juu ya kabati nyuma ya sufuria. Bahari haikupata hata mara moja. Najua hii ni nyumba moja na siku tisa tu, lakini ni zaidi ya alichokuwa nacho yule kijana wa huduma kwa wateja aliyetuambia tuzime tuwashe.

Hizo mara nne za taa nyekundu ndizo zilizonifunza zaidi. Fundi alikuja siku ya tano, baada ya simu sita. Alikuwa mtu mzuri na alijua kazi yake. Akaingia kwenye ukurasa wa ruta akasoma nguvu ya mwanga: hasi 29. Vifaa vya aina hii kwa kawaida vyataka isishuke chini ya hasi 27 hivi. Yaani mwanga ulikuwa unafika ukiwa hoi, na kitu kidogo tu kikiutikisa unazimika. Akatoa kalamu ya mwanga mwekundu, akaichomeka kwenye ncha ya uzi, tukatoka nje magharibi ikiingia. Mita chache kutoka mlangoni, pale waya mweupe ulipofungwa kwenye nguzo ya mbao kwa kipande cha waya wa chuma, palikuwa panang'aa kama kaa la moto. Mwanga ulikuwa unavuja pale pale, kwenye kona kali. Na kwa nini ulikuwa unakatika asubuhi za Jumamosi? Kwa sababu waya ule ulikuwa pia kamba ya kuanikia nguo. Blanketi zikilowa zinavuta, kona inakaza, kazi ya mpwa wangu inakufa.

Simlaumu mama aliyeanika. Waya umepita mbele ya mlango wake, usawa wa kichwa, na hakuna aliyemwambia ndani mna kioo chembamba kama unywele.

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la ufundi. Kwa nini faiba ya Kibera yaning'inia usawa wa kichwa, na ya Lavington imezikwa au imepanda nguzo imara? Kampuni haichimbi mtaro kwenye ardhi ambayo haijui ni ya nani. Sehemu kubwa ya Kibera ni ardhi ya serikali. Wanubi, waliokaa hapo zaidi ya miaka mia moja, walikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288 mwaka 2017 tu. Julai 2018 tingatinga zilipita kubomoa nyumba za maelfu ya watu ili barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ipite. Mwekezaji akiyaona hayo hufunga waya kwa kipande cha chuma, kwani mwenyewe hajui kama nguzo itakuwepo mwakani. Mwenye kulipa gharama ya wasiwasi huo ni mteja, kila mwezi, kwa bei ile ile.

Kawangware kuna ugonjwa mwingine. Binamu yangu anakaa kwenye ghorofa upande wa 56, na kwake hakuna kisanduku cha faiba. Kuna waya wa shaba wa kompyuta unaoshuka kutoka ngazi ya juu na kupenya dirishani. Faiba ni moja tu, ya kifurushi cha nyumbani, imeishia chini ya ngazi kwa muuzaji mdogo ambaye ameigawa kwa swichi kadhaa kwa majirani. Waya wa aina hiyo umekusudiwa usizidi mita 100, na wa nje una ganda lake la kustahimili jua. Huu wa binamu yangu ulikuwa wa ndani, umepita juu ya paa la jirani, umepauka na kupasuka. Kompyuta ilionyesha muunganisho wa megabiti 10 badala ya 100. Tulipokata kile kichwa cha plastiki na kukipiga kipya, ukapanda mpaka 100.

Akafurahi. Saa mbili usiku ukarudi kukokota. Lakini alfajiri, kabla ya adhana, ulikuwa unaruka. Hiyo ni dalili ya msongamano: waya mzima, wanywaji wengi kwenye bomba moja. Kampuni yenyewe hugawa, kwa sababu laini moja ya GPON ya karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde hugawiwa nyumba 32 au 64, na hilo limepangwa hivyo. Muuzaji wa ngazini anagawa tena kile kilichogawiwa, na ugawaji wake haujulikani na mtu.

Nilimuuliza binamu kwa nini asiite kampuni moja kwa moja. Akacheka. Mlinzi wa jengo hafungui geti kwa fundi wa kampuni nyingine, kwa kuwa landilodi ana mapatano yake. Hadithi za waya wa mshindani kukatwa usiku nilizisikia Kawangware na Kibera zote mbili, kutoka kwa watu wasiojuana. Siwezi kuthibitisha ni nani hukata, ila sikumkuta mtu aliyeshangaa nilipouliza.

Serikali imeahidi kilomita 100,000 za faiba na vituo 25,000 vya wifi ya umma chini ya mradi wake wa barabara kuu ya kidijitali. Sina ugomvi na kilomita. Shaka yangu ni kwamba kilomita huhesabiwa barabarani, na intaneti hufia kwenye mita 50 za mwisho ambazo hazimo kwenye hesabu ya mtu. Mamlaka ya Mawasiliano, CA, ina kanuni za kumlinda mtumiaji tangu 2010, na utaratibu ni kwamba ulalamike kwanza kwa kampuni, kisha ukikosa jibu uende kwao. Mpwa wangu hakuwahi kupewa hata nambari ya lalamiko lake. Angepeleka nini? Ningetaka CA iwalazimishe watoa huduma kutoa nambari hiyo kila simu inapopigwa, na kurudisha pesa za siku ambazo taa ilikuwa nyekundu. Kampuni inaziona siku hizo, kwani mwanga usiofika upande huu unaonekana pia kituoni kwao. Ningetaka pia mapatano ya landilodi na kampuni moja yapigwe marufuku wazi wazi.

Njia nyingine ipo. CA ilitoa mwongozo wa leseni za mitandao ya kijamii mwaka 2021, na Kibera yenyewe ina TunapandaNET, mtandao unaoendeshwa na watu wa pale pale. Hauwezi kumaliza shida ya mtaa mzima, lakini fundi wake hahitaji kungojwa siku tano, na anamjua yule mama wa blanketi kwa jina.

Nayaandika haya kwenye ukurasa wa Pwani kwa sababu nimeanza kuona waya hizo hizo, zimefungwa vivyo hivyo, Kisauni na Likoni. Kebo zinatua hapa Mombasa, na Bamburi bado utakuta ghorofa lenye swichi chini ya ngazi na vijana kumi wanaogombea laini moja. Tusubiri nasi tuambiwe ni bahari?

Fundi aliunyoosha ule waya, akaupandisha juu ya mlango na kuuzungusha kwa mduara mpana. Kipimo kikapanda hadi hasi 21. Mpwa wangu akanunua betri ndogo ya kushikilia ruta stima ikienda, akaitoa ruta nyuma ya sufuria, na yule mama tukamfungia kamba yake ya nguo, ya manila, upande wa pili. Nilipokuwa kwenye basi nikirudi, karibu na Mtito Andei, akanipigia. Ujumbe wa kebo ya bahari umeingia tena.

"Na taa?" nikamuuliza.

"Kijani, mjomba. Stima haipo lakini naandika."