Tumchunguze Mtoto Kabla ya Kumwita Mzito

Ndugu wazazi na walimu wa Ngara na Biharamulo, liko neno linalotoka haraka mno katika shule zetu: "Huyu hana akili." Mwalimu akishalisema, mzazi hulipokea nyumbani, wenziwe humzomea nalo njiani, na mwisho mtoto mwenyewe huliamini. Huhamia dawati la nyuma, utoro ukafuata, na punde utamkuta machungani na mbuzi saa za masomo. Neno hilo nalipinga kwa nguvu zangu zote, na shahidi wangu ni Lukole, iliyokuwa kambi ya wakimbizi hapa Ngara.

Wenye umri wanakumbuka. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakajaa kambi ya Benako. Walirudishwa kwao Desemba 1996, lakini Lukole iliendelea kuwahifadhi Warundi mpaka ilipofungwa mwaka 2008. Watu wale, wakiishi kwa mgao wa unga na maharage, hawakukubali watoto wao wakose shule. Walimu walitoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe, na walifuata mtaala wa Burundi, ambao huanza na Kirundi, ili mtoto akirejea kwao asianze upya. Aliyepokonywa miaka na vita aliketi na wadogo zake akasoma. Shule ndiyo iliyoitazama hali ya mtoto, ikajipanga.

Basi kama hilo liliwezekana kambini, linatushinda nini sisi tulio kwenye vijiji vyetu wenyewe?

Tena hatuombi hisani. Juni mwaka ule ule wa 1994, wajumbe wa mataifa walikutana Salamanca, Hispania, wakatamka kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote, vyovyote ilivyo hali yao ya mwili, akili au lugha. Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 nayo inataka mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu.

Hebu tuingie darasani. Yuko mtoto ambaye haandiki kutoka ubaoni; anaandika kutoka kwenye daftari la jirani, na jirani akifunua ukurasa, kalamu yake inasimama. Anachapwa kwa kuigilizia, kumbe ubao hauoni. Mwingine hugeuza shingo kila anapoitwa, maana sikio moja limetoka usaha tangu utotoni na hakuna aliyempeleka zahanati. Yuko aliyeugua malaria ikapanda kichwani. Alipona, lakini tangu hapo somo la jana linamtoka leo. Yuko pia yule anayenishangaza kuliko wote: anasimulia hadithi vizuri, anarudisha chenji gulioni bila kukosea, ila herufi zikipangwa mstarini zinamchanganya. Huyo akili anazo tele. Na tusimsahau mtoto wa Kihangaza au Kishubi ambaye siku ya kwanza shuleni anasalimiwa kwa Kiswahili, naye kwao hajakizoea.

Hawa wote fimbo yao ni moja. Jamani, fimbo imewahi kumfungua nani macho?

Mwalimu ataniambia: Serikali inalenga watoto 45 kwa mwalimu mmoja, mimi ninao karibu mara mbili. Ni kweli, na sitaki mtu ambeze mwalimu huyo. Lakini kumhamishia mbele asiyeona mbali hakuhitaji bajeti. Kusoma kwa sauti unachokiandika ubaoni, kuligeukia darasa unapozungumza, kumuuliza kwa mdomo yule anayeshindwa kuandika, kulirudia agizo kwa Kihangaza pale Kiswahili kinapokwama: hayo yote yamo mikononi mwa mwalimu hata leo.

Yasiyo mikononi mwake tusimtwishe. Miwani, vifaa vya kusikia, vitabu vya maandishi ya nukta nundu, mwalimu wa lugha ya alama, hayo ni deni la halmashauri. Walimu wa elimu maalumu wanafundishwa Chuo cha Patandi, Arusha. Madiwani wetu waulize wilaya ina wangapi na wamepangiwa kazi gani. Mkoani kwetu Shule ya Mugeza Mseto, Bukoba, imewapokea wasioona na wenye ualbino, na inastahili heshima. Hata hivyo, kutoka Ngara hadi Bukoba ni safari ndefu, na kumtenga mtoto na mama yake hakuwezi kuwa jibu kwa kila mmoja. Mwenye ualbino anayeona kidogo, akipewa dawati la mbele, kofia pana na maandishi makubwa, anaweza kusoma hapa hapa kijijini, mradi sisi majirani tumlinde.

Nanyi wazazi mnaomficha mtoto ndani kwa aibu, mnamdhulumu. Mleteni aandikishwe. Mwambieni mwalimu ukweli wote: lini aliugua, lini alianza kusema, analala vipi, anaogopa nini. Hayo mwalimu hawezi kuyabuni.

Kamati za shule ziwe na kazi moja ya kwanza kila Januari. Mhudumu wa zahanati aalikwe siku moja awapime darasa la kwanza macho na masikio, majibu yaandikwe, mzazi aitwe, na mtihani wa kwanza usifanyike kabla ya hapo.