Povu la Mkojo na Kopo la Krimu

Mama wa Buyenzi aamkapo na kope zilizovimba, na jioni viatu vilivyomtosha asubuhi vikambana, huenda akaambiwa na jirani kuwa amenenepa. Yafaa kwanza autazame mkojo wake. Ukiwa na povu jingi lisilotulia upesi, mfano wa ute wa yai uliopigwa kwa uma, mfano huo hauko mbali na ukweli. Povu hilo aghalabu hutokana na albumini, protini ya damu isiyopaswa kutoka mwilini kwa njia hiyo.

Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja. Ndani ya kila kichujio, mishipa myembamba ya damu imevikwa seli zenye vijiguu vingi, vilivyopishana kama vidole vya mikono miwili. Kati ya kijiguu na kijiguu pana ufa mdogo mno, nao umeshonwa. Uzi wa mshono huo ni protini iitwayo nefrini: kila upande hutoa nyuzi zake, zikakutana katikati na kushikana kama meno ya zipu. Protini nyingine, podosini, huzishikiza nyuzi hizo kwenye seli. Maji na takataka za damu hupita, albumini hubaki. Nefrini ilitambuliwa mwaka 1998, katika kuchunguza maradhi ya watoto wa Ufini ambao figo zao huvuja tangu wangali tumboni.

Mshono ukilegea, vijiguu hutandazika na albumini humwagika. Damu iliyopungukiwa nayo hushindwa kuyashika maji yake, yakavujia chini ya ngozi. Ndio uvimbe.

Kisukari huweza kuleta madhara hayo, na malaria ya aina fulani pia. Lakini sababu moja huwekwa mbele ya kioo kwa hiari ya mwenye nyumba. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60, watu wazima wenye maradhi haya. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi yao walipata nafuu. Nusu karne baadaye, madaktari wa Kerala, nchini India, wameeleza mambo yale yale. Makopo yamebadilika majina tu!

Zebaki hupenya ngozi ikafika figoni. Huko kinga ya mwili huchokozeka, ikarundika masalia chini ya vile vijiguu hata mshono ukaharibika. Mtoto abebwaye na mama aliyejipaka naye huipata.

Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulikataza vipodozi hivyo, ila wauzaji hawakosi. Neno la Kifaransa «mercure», au herufi Hg, likionekana kwenye kopo, lisinunuliwe; na lisiloandikwa chochote lisiaminiwe zaidi.

Mwenye dalili hizi apeleke mkojo wa asubuhi kituo cha afya, ambako kijiti kinachobadilika rangi huonyesha protini kwa dakika chache. Achukue na kopo lake, daktari alione. Nyumbani chumvi ipunguzwe, na ndagala waliotiwa chumvi waachwe kwa muda. Mtoto akipewa dawa ya prednisoloni, asiachishwe kwa kuwa uvimbe umekwisha. Daktari ndiye atakayepunguza vidonge, kidogo kidogo.