Data za wagonjwa wa Maniema zirudi pia Maniema

Oktoba 2022, watafiti wa INRB ya Kinshasa na wenzao wa Marekani walianza kujaribu tecovirimat, dawa ya mpox, katika hospitali ya Tunda hapa Maniema na ya Kole huko Sankuru. Wagonjwa 597, wakubwa kwa watoto, walishiriki. Agosti 2024 jibu likatangazwa: dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Lakini kati ya wagonjwa wote hao walifariki 1.7 kwa mia tu, wakati kawaida nchini ni 3.6 kwa mia au zaidi. Kumbe kulazwa na kutunzwa vizuri kuliokoa watu, wawe walipewa dawa au hawakupewa.

Je, ni mama wangapi wa Alunguli au Kasuku waliosikia habari hiyo? Ni familia ngapi zilizokimbia vita ziliambiwa kwamba kuwahi kituo cha afya ni bora kuliko kungojea kidonge?

Data za magonjwa ni lazima zishirikiwe kati ya nchi na nchi. Virusi haviombi ruhusa mpakani. Aina mpya ya mpox ilionekana Kamituga, Kivu Kusini, mwaka 2023. Kufikia Agosti 2024 ilikuwa imefika Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Maabara za nchi hizo ziliitambua kwa kuilinganisha na ile iliyosomwa na wanasayansi wa Kongo. Bila ghala la pamoja la data, kila nchi ingeanza upya.

Wapo wanaosema: tukitoa, tunapata nini? Wana sababu. Novemba 2021, Afrika Kusini na Botswana zilitangaza haraka aina ya Omicron ya Corona. Badala ya shukrani zilifungiwa safari za ndege. Na chanjo za kwanza za mpox zilitua Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024, wakati ugonjwa wenyewe umejulikana kwa binadamu hapa Kongo tangu 1970.

Lakini kuficha data si dawa. Anayeumia kwanza ni mgonjwa wetu. Dawa ni masharti. Kwanza, data za Wakongo zihifadhiwe pia Kongo, na watafiti wetu wazifungue bila kuomba ruhusa ng'ambo. Pili, majina ya wagonjwa yaondolewe. Mkimbizi asiogope kwamba ugonjwa wake utamfuata kambini. Tatu, aliyepimwa Walikale akakimbilia Lubutu akute muuguzi anayeweza kupata kumbukumbu yake. Nne, majibu ya utafiti yarudi kwa Kiswahili, kwenye redio na vituo vya afya, si kwa Kiingereza na Kifaransa peke yake.

Idara ya afya ya jimbo, INRB na Africa CDC, kituo cha Umoja wa Afrika cha kupambana na magonjwa, waanze na hilo la nne. Halihitaji mitambo mikubwa. Watu wa Tunda walitoa miili yao ili dunia ijifunze. Wana haki ya kujua dunia ilijifunza nini.