Maumivu ni ya Kweli, Lakini Hiyo Dawa Haisaidii

Wasee, tuongee kuhusu ugonjwa wa Lyme. Huko Marekani na Ulaya kupe anakuuma, anakuachia bakteria, unameza antibiotiki wiki mbili tatu, na wengi wanapona. Lakini kuna wale wanabaki na uchovu na viungo vinauma miezi na miezi. Hao hawaigizi. Daktari akiwaambia "ni mawazo tu," anawakosea.

Ila anayewauzia antibiotiki ya miezi mingine anawakosea zaidi, juu hiyo kitu ilishapimwa. Mwaka 2001, Marekani, wagonjwa 129: nusu walipewa antibiotiki siku 90, nusu dawa bandia, na hakuna aliyejua amepata gani. Matokeo? Sare. Uholanzi wakapima watu 280. Wote walianza na wiki mbili za sindano, halafu wengine wakaongezewa wiki 12 za vidonge. Majibu yalitoka 2016: hizo wiki 12 hazikuongeza kitu.

Na usiniambie "lakini fulani alipona." Hata kwa waliopewa dawa bandia kuna waliopata nafuu. Ndiyo maana tunapima!

Tena drip si maji ya baraka. Mrija ukikaa kwa mshipa miezi, unaweza kuingiza maambukizi mapya. Kuna mgonjwa Marekani alikufa hivyo.

Kumheshimu mgonjwa si kumuuzia tumaini kwa chupa. Ni kumwamini anaposema anaumwa, halafu kupima dawa nyingine mpaka ipatikane inayosaidia.